Kifaransa cha Majani Mabichi

Kabla ya safari hii chai niliijua kwa ulimi na kwa karatasi tu. Kazi yangu iko Mombasa, kwa madalali wa chai, na kila wiki vikombe vyeupe hupangwa mbele yetu safu kwa safu. Tunavuta funda kwa kishindo, tunatema, mmoja anataja sifa, karani anaandika, tunasogea. Chai inayopita pale si ya Kenya peke yake. Mnadani huuzwa pia chai ya Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko, na majina kama Teza na Rwegura nimeyasoma kwenye mifuko miaka mingi bila kujua milima yake ikoje. Hata Kericho, ambako kila mtoto wa Kenya hufundishwa kuwa ndiko kwenye chai, sikuwa nimefika. Sisi wa pwani tukipanda bara, mara nyingi huishia Nairobi.

Kifaransa nacho nilikijua vivyo hivyo, kwa karatasi. Nilikianza ukubwani, masomo ya jioni baada ya kazi katika Alliance Française ya Mombasa, nikapanda ngazi za A1 na A2 mpaka nikafanya mtihani wa DELF B1. Mtihani huo una sehemu nne, kila moja alama 25, na anayepata 50 kati ya 100 amefaulu, mradi asianguke vibaya katika sehemu yoyote. Mazungumzo huchukua kama robo saa: unajieleza, unaigiza jambo fulani na mtahini, kisha unatoa maoni juu ya makala fupi uliyopewa dakika kumi kuisoma na kujiandaa. Cheti chake hakiishi muda. Lakini aliyefika ngazi hiyo anaijua hali yake. Anaelewa taarifa ya habari. Anasoma barua ya biashara bila kamusi. Akipigiwa simu kutoka Bujumbura maneno yote yamo kichwani, ila hayafiki mdomoni kwa wakati. Watu wazima wengi hukaa hapo miaka, na wengine huachia hapo hapo.

Nimelifikiria sana jambo hili, na ninaloamini ni kwamba darasani, kwa bidii yote ya mwalimu na wanafunzi, hatuna la kuambiana. Mwalimu anauliza ulifanya nini Jumamosi. Unajibu ulikwenda ufukweni. Alijua utajibu hivyo. Hakuna anayeondoka na kitu alichokihitaji. Mtoto hujifunza lugha kwa sababu anataka maji, anataka kubebwa, anataka kujua kwa nini. Mtu mzima wa kiwango cha kati hana tena njaa ya aina hiyo katika lugha ya pili, kwa hiyo ulimi wake haulazimiki kukimbia. Ndiyo maana ofisi ilipotafuta mtu wa kufuatana na wageni wanaozungumza Kifaransa kwenda Bomet na Kericho, niliomba niende mimi.

Wageni walikuwa watatu. Mama wa makamo, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa chai huko Muramvya, Burundi, ambaye wenzake walimwita Maman, nasi tukafuata. Kijana mhasibu wa chama hicho. Na mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Bukavu anayefanya kazi nao, ambaye kwa desturi ya kwao huitwa kwa cheo chake, Ingénieur. Walitaka kuona wakulima wadogo wa Kenya wanavyokusanya majani, wanavyopimiwa na wanavyolipwa. Nilipanda treni ya usiku hadi Nairobi, nikawakuta hotelini asubuhi, na gari la kukodi likiwa tayari mlangoni.

Ingénieur alikuwa na Kiswahili safi cha Kivu, kile cha "aksanti" na maneno ya Kifaransa yaliyochomekwa humo bila kubisha hodi. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, na yeye aliiona kabla yangu. Tukiwa bado tunapakia mizigo aliniambia, "Dada, ukinisemesha Kiswahili nitakujibu Kiswahili, na utarudi kwenu kama ulivyokuja." Akaweka masharti. Ndani ya gari na kazini, Kifaransa tu. Mezani, Kiswahili ruhusa. Neno likinikosa, nilizunguke kwa maneno mengine, nisichomeke la Kiingereza. Na yeye hatanikatiza kunisahihisha. Atakuwa akiandika kwenye daftari lake dogo, na usiku baada ya chakula tutalisoma pamoja. Sijapata mwalimu aliyenipangia somo kwa heshima kama ile.

Tuliteremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, Longonot mkono wa kulia na Suswa kushoto kwa mbali, tukapita Narok na mashamba yake ya ngano. Maman alikaa dirishani akiuliza kila kitu. Hawa ng'ombe ni wa nani? Hii ngano inauzwa wapi? Mbona nyumba ziko mbalimbali hivi, kwani watu hawaogopi? Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, kwa hiyo kwake sikuwa na pa kukimbilia. Nilijibu kwa sentensi fupifupi, na nilipokuwa na shaka kama nimemwelewa niliuliza, "Vous voulez dire que...?", nikarudia swali lake kwa maneno yangu. Sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kwa anayejifunza. Inakuhakikishia umeelewa, na inakununulia sekunde tatu za kutafuta jibu, wala hakuna anayeiona kama udhaifu. Wenyewe huitumia kila siku.

Mhasibu ndiye aliyenipa kazi ngumu. Alizungumza kasi, akimeza nusu ya maneno, na ule ukanushi wa vipande viwili tuliokaririshwa darasani yeye hutumia kipande cha mwisho peke yake. Je ne sais pas kwake ni "chais pas". Hicho ndicho Kifaransa kinachosemwa majumbani na vijiweni, na anayejifunza kwa vitabu tu hukutana nacho kama lugha mpya kabisa. Nilimwomba asipunguze kasi. Hadi tunafika Mulot sikio langu lilikuwa limeanza kumkamata.

Kuna jambo ambalo vitabu tulivyotumia havikunieleza, labda kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Mswahili ana mwanzo mzuri katika matamshi ya Kifaransa kuliko anavyodhani. Kifaransa hupenda silabi zenye urefu unaolingana, zinazoishia kwa irabu, na konsonanti ya mwisho wa neno huhamia kwenye irabu ya neno linalofuata, hivi kwamba les amis hutoka kama neno moja la silabi tatu zilizo sawa. Mwendo huo ni wetu tangu utotoni. Anayepitia Kiingereza kwenda kwenye Kifaransa huubeba mkazo wa Kiingereza na kuupoteza mwendo huo njiani, na wengi wetu Wakenya tumesomeshwa Kifaransa kwa kupitia Kiingereza. Zinazohitaji kazi kweli ni irabu za puani na ile u yao nyembamba. Mhasibu alinipa dawa yake: sema i, shikilia ulimi pale pale, kisha kunja midomo kama unayepuliza moto. Nilifanya hivyo kutoka Longisa hadi Bomet mjini, na dereva hakuuliza kitu.

Baada ya Bomet nchi ilibadilika. Tulikatia Silibwet, ambako Mto Nyangores unapita ukienda kukutana na Amala na kuuzaa Mto Mara, na kuanzia hapo vilima vyote vikavaa kijani kimoja kilichokatwa usawa wa kiuno. Huku si mashamba ya makampuni. Ni vipande vya nusu ekari, ekari moja, ekari mbili, kila kimoja na nyumba yake, mahindi yake, ng'ombe wake wawili. Wakulima wa namna hii nchini, zaidi ya laki sita, huuza majani yao kupitia viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000. Hapa Bomet viwanda hivyo ni kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek. Sikuweza kujizuia. Niliomba gari lisimame, nikashuka, nikachuma majani mawili na kichipukizi chake, nikayanusa. Hayakuwa na harufu yoyote ninayoijua. Harufu ya chai huzaliwa kiwandani.

Kituo cha kununulia majani kilikuwa banda la mabati kando ya barabara. Akina mama walikuja na magunia kichwani na mgongoni, vijana na bodaboda. Karani humwaga majani mezani, huyapekua kwa vidole, hutoa yaliyokomaa na vijiti, kisha huyaning'iniza kwenye mizani ya kielektroniki na kumpa mkulima risiti yake. Maman alisimama karibu na mizani kama aliyezaliwa pale. Alitaka kila kilo isomwe kwa sauti. Karani alisoma kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kifaransa, na hapo nikakutana na hesabu za jirani. Tisini na mbili nilisema kama nilivyofundishwa, kwa ule mtindo wa Ufaransa wa nne mara ishirini na kumi na mbili. Maman akairudia, "nonante-deux," akaandika. Burundi, Rwanda na Kongo zilirithi kutoka kwa Wabelgiji septante ya sabini na nonante ya tisini, na penye mizani, foleni ikiwa ndefu, hakuna mtu mwenye muda wa kuzidisha nne kwa ishirini. Nikaanza kuhesabu kama yeye. Tangu siku ile tarakimu za Kifaransa, ambazo zilikuwa zikinisimamisha katikati ya kila mazungumzo ya bei, hazinisimamishi tena.

Kisha likaja swali la pesa, na hapo ndipo nilipojua nilichokuja kukifanya. Mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, na mwezi wa Oktoba hupata malipo ya pili, ambayo Kenya nzima huyaita bonasi. Maman alitaka kujua kwa nini wakulima wanakubali kungoja mwaka mzima. Meneja wa kituo alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka mnadani. Nikaanza kueleza: kwamba kiwanda kinauza chai Mombasa wiki baada ya wiki, kwa dola, kwamba hesabu hufungwa katikati ya mwaka, kwamba gharama za kuni, umeme, mishahara na usafiri hutolewa, na kinachobaki hugawanywa kwa kilo alizoleta kila mmoja. Mhasibu akauliza kwa nini basi bonasi ya huku huwa ndogo kuliko ya upande wa Mlima Kenya. Wakulima waliokuwa karibu walipotafsiriwa swali hilo walisogea wote. Hilo ni donda lao la kila Oktoba.

Nilisema ninachokiamini kama mwonjaji: kwamba chai ya magharibi ya Bonde la Ufa kwa miaka mingi imepata bei ya chini mnadani, kwa sababu ya uchumaji wa majani yaliyokomaa, msongamano wa viwandani msimu wa majani mengi, na sifa ambayo wanunuzi wameshaizoea na hawaiachi upesi hata chai inapokuwa nzuri. Nilisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na maswali yakaja kwa lugha zote mbili. Sijui nilisema kwa muda gani. Najua tu kwamba hakuna wakati niliofikiria sarufi. Watu walikuwa wakisubiri kujua jambo, mimi nilikuwa nalo, na lugha ikaenda.

Usiku ule tulilala kwa wenyeji. Bibi mwenye nyumba alizungumza Kipsigis peke yake, kwa hiyo maneno yake yalipita kwa mjukuu, yakaja kwangu kwa Kiswahili, yakafika kwa Maman kwa Kifaransa, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Tulifundishwa "chamgei" ya salamu na "kongoi" ya asante kabla hatujakaa. Tukaletewa mursik. Maman akataka kujua maziwa haya yametengenezwaje, nami sikuwa na neno la kibuyu. Nikakumbuka sharti. Nikasema ni tunda kubwa la shambani, lisiloliwa, likikauka hutolewa vilivyomo, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yakatiwa humo yakalala. "Une calebasse!" walisema wote watatu kwa pamoja, na bibi akacheka bila kungoja tafsiri. Neno lililopatikana kwa njia hiyo halisahauliki. Zaidi ya hapo, kule kuzunguka ndiko kuzungumza kwenyewe. Hata katika Kiswahili, lugha ya mama yangu, kila siku nazunguka maneno nisiyoyapata, ila sijioni.

Daftari lilifunguliwa baada ya chakula. Ingénieur hakuwa ameandika kila kosa. Alichagua yaliyojirudia, akasema yaliyotokea mara moja yatajifia. Mengi yalihusu jinsia ya nomino, na ushauri wake ulikuwa mmoja: nisikariri neno bila le au la yake. Nilipowaza baadaye niliona mtu aliyekulia katika ngeli za Kiswahili hana sababu ya kuogopa jinsia mbili. Sisi hatusemi mti bila kujua kuwa wingi wake ni miti, na upatanisho huo hubebwa hadi mwisho wa sentensi. Tunachokosa ni kuzipa le na la uzito tunaozipa m- na ki-. Mengine yalihusu nchi: au Kenya, au Burundi, en Tanzanie, kitu ambacho mtu wa kazi yangu hukihitaji kila saa. Kisha akafunga, akasema inatosha. Mambo matatu kwa usiku mmoja ndiyo aliyoruhusu.

Viwandani niligundua nguvu ya kurudia. Kiwanda cha kwanza tulichoingia kilinichosha. Mwenyeji wetu alieleza kwa Kiswahili, nami nikamfuata nyuma nikitafuta maneno: majani yanatandazwa kwenye vitanda virefu vinavyopulizwa hewa ili yanyauke kwa saa nyingi, yanapita kwenye mashine zenye meno zinazoyakata, kuyararua na kuyaviringisha, yanaachwa yachachuke, kijani kikigeuka rangi ya shaba mbele ya macho yako, yanakaushwa mpaka unyevu ubaki kama asilimia tatu, yanachekechwa kuwa madaraja. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai. Ingénieur alinisaidia kwa maneno ya kazi, flétrissage, séchage, na mengine nikayazunguka. Lakini kiwanda kilichofuata kina vitanda vile vile na mashine zile zile, na mwenyeji mwingine anaeleza yale yale. Safari hii sentensi zilikuja zimeshikana. Tulipofika cha mwisho, Kericho, nilikuwa naeleza kabla mwenyeji hajamaliza, nikiongeza ninayoyajua mwenyewe ya kikombeni: kwamba daraja la BP1 lina punje kubwa, PF1 ndiyo inayotembea sana mnadani, na kwamba kosa la kunyausha tunalionja Mombasa wiki kadhaa baadaye.

Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand wa ufundishaji wa lugha, ameandika juu ya zoezi la kusimulia habari moja kwa watu watatu tofauti: kwanza kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Habari haibadiliki, msikilizaji hubadilika, muda hupungua. Tulilifanya zoezi hilo darasani juu ya filamu tulizotazama, na kila mtu alichoka. Huku lilijileta lenyewe, na wasikilizaji walikuwa na kalamu mkononi. Kwa anayejifunza peke yake nyumbani ningemwambia achague kazi yake, kitu anachokijua kuliko watu wengi, akieleze kwa sauti mara nyingi, kwa kila mtu atakayekubali kusikiliza. Ufundi wa cherehani, ugonjwa wa kuku, namna meli inavyopakuliwa. Habari za likizo ya Paris ambayo hajaenda zisubiri.

Barabara ya Kaplong ilitupitisha Kapkatet na Litein hadi Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua ya alasiri ikatupokea kama inavyowapokea watu wote huko. Mashamba hapa ni ya aina nyingine. Chai ya makampuni huenda mpaka macho yakome, imekatwa kwa mistari, na nyumba za wafanyakazi zimepangwa katikati yake. Kuna mahali tulipoona wachumaji wakiwa na mashine badala ya vikapu. Mhasibu aliuliza waliokuwa wakichuma kwa mkono wamekwenda wapi, na ilinibidi nimweleze kwamba swali hilo hilo lilizusha maandamano mwaka 2023, mashine zikachomwa moto.

Maman hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Et avant, c'était à qui, cette terre?"

Swali hilo sikulijibu mimi. Alilijibu mzee mmoja tuliyemkuta Chai Square, katikati ya mji, tukingoja mvua iishe. Dereva wetu ndiye aliyemsalimu na kumweleza wageni wanataka kujua nini. Mzee alizungumza Kiswahili polepole, kwa mpango, kama mtu ambaye ameisema habari hii mbele ya watu wengi. Alisema babu zake walichunga ng'ombe mahali palipo chai leo. Alisema juu ya Waingereza kuitwaa ardhi ya Wakipsigis na juu ya makampuni ya chai yaliyokuja miaka ya 1920. Alisema juu ya ukoo wa Talai, viongozi wa kidini ambao serikali ya kikoloni iliwaogopa, ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuwaondoa na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Na kwamba waliporejea, karibu na uhuru, ardhi haikuwa yao tena. Alijua kwamba mwaka 2022 watu wa Kericho walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na alilitamka jina la mji huo vizuri.

Niliogopa nisije nikaiharibu habari ya mtu kwa upungufu wa lugha yangu. Nikaamua kusema kwa sentensi fupi kabisa. Ils habitaient ici. On les a chassés. On a planté du thé. Katika sentensi hizo tatu kuna tofauti ya nyakati mbili zilizopita za Kifaransa, ile iliyonisumbua kwa muda mrefu kuliko somo lolote: ya kwanza ni hali iliyokuwa ikiendelea, nyingine ni matendo yaliyoikata. Kiswahili kinayo tofauti hiyo, walikuwa wakiishi, wakafukuzwa, na kwa mara ya kwanza niliisikia ndani yangu bila kupitia jedwali la kitabu. Maman aliinamisha kichwa kila sentensi ilipomfikia.

Kisha yeye akaanza. Shemeji zake ni wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1972, wakati wa mauaji nchini Burundi, walikimbilia Tanzania, wakakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Huko ndiko Kiswahili chake cha kuokotaokota kilikotoka, kwa watoto wao waliokuja kumtembelea. Waliporudi baada ya zaidi ya miaka 30 walikuta watu wengine wamejenga na kupanda kwenye mashamba yao, watu ambao nao walikuwa wamepewa na serikali na hawakuwa na pengine pa kwenda. Nani mwenye haki? Aliniuliza mimi, akamuuliza mzee. Nikamtafsiria mzee. Mzee alifikiri, akasema kwao aliyeinyang'anya ardhi bado yupo na ana jina, lakini kwa Maman maskini wawili wamefungiwa chumba kimoja. Nikalirudisha jibu hilo kwa Kifaransa, na Maman akataka kulibishia, na mzee akataka kujitetea, na mvua iliisha bila mmoja wetu kuondoka.

Usiku ule Ingénieur hakulifungua daftari. Alisema hakuandika kitu.

Tangu nirudi Mombasa nimejiuliza kwa nini nilikuwa nikikitafuta Kifaransa mbali. Bandari yetu hupitisha mizigo ya Kongo na Burundi mchana na usiku. Madereva wa huko, mawakala wa huko, waumini wa makanisa ya huko wako mitaani kwetu na Nairobi. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Februari 2021 kuwa Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kongo ikaingia mwaka uliofuata. Redio tunayo: RFI ina idhaa ya Kiswahili tangu 2010, na upande wa Kifaransa ina taarifa ya kila siku iliyorahisishwa, Journal en français facile, ambayo unaweza kuisikiliza, ukaizima, ukaisimulia upya kwa sauti yako. Nayafanya hayo. Lakini redio haibishani nawe, na mimi nimeshaonja ladha ya kubishana.

Wiki chache baada ya safari sampuli ya chai kutoka milima ya kina Maman ilipita mbele yetu. Nikamtumia ujumbe wa sauti: rangi yake ni nzuri, lakini kikombeni ni nyepesi, na naona majani yanaingia mashineni kabla hayajanyauka vya kutosha. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa kirefu. Msimu wa mvua majani huja yamelowa, vitanda vimejaa, malori yamepanga foleni nje. Je, mkulima azuie majani kukua? Nikamjibu kwamba Bomet tuliona siku za kuchuma zikipangwa kwa zamu, kilima kwa kilima. Akasema Bomet ina barabara. Nikasema tuzungumze basi juu ya barabara. Anasema nije Muramvya nione mwenyewe kabla sijaendelea kusema, na mimi namwambia chai yake itakayokuja wiki ijayo ndiyo itakayoamua nani mkweli, yeye ananiambia mizani ya kwao haidanganyi na ulimi wa Mombasa umezoea chai ya Kenya, na hapo ndipo tulipofika.